Lou Gehrig na siku aliyokubali kuketi

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu, na ni wahenga hao hao waliotuonya kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hizi mbili zimekaa katika lugha yetu miaka mingi bila kugombana. Hata hivyo, kila nionapo kijana wa chuo akiingia uwanjani huku amefungwa bendeji gotini, nami nimeketi jukwaani nikimpigia makofi, hujiuliza ni ipi kati ya hizo tunayomfundisha, na ni ipi tunayomficha.

Swali hili nalibeba kama deni. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwanafunzi katika chuo kimoja nchini Marekani, na huko nikanaswa na mchezo wa besiboli ambao kwetu si wengi wanaoufuatilia. Majira ya kuchipua yalipoingia, baridi ikiwa bado haijatupa mkono, tulikuwa tukijazana kwenye viti vya mbao kuitazama timu ya chuo. Wachezaji wa vyuo huko hutumia magongo ya alumini, si ya mbao kama wale wa kulipwa, na mpira ukigongwa barabara gongo hulia kama kengele. Tulikuwa na mpigaji mmoja, kijana mpole, ambaye kengele yake ilisikika hadi mabwenini.

Siku moja kijana huyo alimwendea kocha akamwomba ampumzishe kwa kuwa kiganja kilimuuma. Sisi mashabiki tulipolitambua jambo hilo tulimzomea. Mimi mwenyewe nilipanda juu ya kiti nikampigia kelele, nikimtajia jina la Lou Gehrig, mtu ambaye kwa nilivyokuwa nimesimuliwa hakuwahi kukosa mechi kwa sababu ya maumivu. Kijana aliona haya, akarudi kupiga. Alilizungusha gongo mara mbili, na mara ya tatu likamponyoka, akaushika mkono wake na kupiga magoti. Mfupa mdogo ulio ndani ya kiganja, pale kitako cha gongo kinapoegemea, ulikuwa umevunjika. Sikumwona tena akicheza.

Nilikuwa nimelitumia jina la mtu nisiyemjua kumwumiza mtu niliyemjua. Ndipo nilipoanza kuyasoma maisha ya Gehrig, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyogundua kwamba sisi mashabiki tumeikariri nusu moja ya hadithi yake na kuisahau nusu ya pili.

Lou Gehrig alizaliwa tarehe 19 Juni 1903 jijini New York. Wazazi wake, Heinrich na Christina, walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Walijaliwa watoto wanne, lakini ni yeye peke yake aliyeishi hadi utu uzima. Baba alikuwa fundi wa mabati ambaye mara nyingi aliugua na kukosa kazi, hivyo mama ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba kwa kuwapikia watu na kuwafulia nguo. Miongoni mwa waliomwajiri walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia waliokaa pamoja katika nyumba moja, na Lou alikuwa akimsaidia mamake kazi huko. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo hufundishwa mapema kwamba asiyekwenda kazini hali. Nadhani hapo ndipo tunapopaswa kuanza kumwelewa.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Mrushaji humtupia mpigaji mpira mdogo mgumu kwa kasi kubwa. Mpigaji akiugonga vizuri hukimbilia besi ya kwanza, kisha ya pili na ya tatu, na akirejea alikoanzia timu yake hupata pointi. Akiupiga mpira ukatoka nje ya uwanja, huzizunguka besi zote bila kusumbuliwa na mtu. Ni mchezo wa kushindwa mara nyingi, kwani mpigaji anayefaulu mara 3 katika kila majaribio 10 huhesabiwa kuwa hodari.

Gehrig alianza kujulikana akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Mnamo Juni 1920, akiwa na umri wa miaka 17, alisafiri na timu ya shule yake hadi Chicago kucheza na wenyeji. Mwishoni mwa mechi, wenzake wakiwa wamesimama kwenye besi zote tatu, aliupiga mpira ukatoka nje ya uwanja uliotumiwa na wachezaji wa kulipwa. Aliporudi New York jina lake lilikuwa magazetini.

Mwaka uliofuata alijiunga na Columbia. Mamake alitaka awe mhandisi. Lakini kabla hajaanza masomo, aliponzwa na ushauri mbaya wa watu wazima. John McGraw, aliyekuwa mkufunzi wa timu ya Giants, alimshawishi acheze kwa malipo katika mji wa Hartford wakati wa kiangazi kwa kutumia jina bandia. Siri ilipofichuka, alizuiwa kuichezea Columbia kwa mwaka mzima. Mvulana maskini alitozwa faini ya kosa ambalo wakubwa walimwambia ni jambo la kawaida. Tabia hiyo ya wakubwa kuchuma kwa jasho la mwanafunzi, kisha kumwacha aubebe mzigo peke yake, haikuzaliwa jana.

Aliporuhusiwa kucheza, alionyesha alivyoumbwa. Alicheza mpira wa miguu wa Kimarekani, kisha katika majira ya kuchipua ya 1923 akawa mrushaji na mpigaji wa timu ya besiboli. Tarehe 18 Aprili 1923, siku ile ile uwanja wa Yankee Stadium ulipofunguliwa mbele ya umati wa makumi ya maelfu, Gehrig alikuwa katika uwanja mdogo wa chuo chake akiwatoa wapigaji 17 wa Chuo cha Williams kwa kuwakosesha mpira. Timu yake ilishindwa siku hiyo. Hata hivyo, Paul Krichell, mtafutaji wa vipawa wa timu ya Yankees, alikuwa amekwisha kumtia jicho, na hakuvutiwa na mkono wake wa kurusha bali na gongo lake. Katika mechi 19 za msimu huo kijana alipiga kwa mafanikio zaidi ya mara 4 katika kila 10, na mara 7 aliutoa mpira nje.

Kabla mwezi wa Aprili haujaisha alikuwa ametia sahihi mkataba na Yankees, na kupewa dola 1,500 za kuanzia. Nyumbani kulikuwa na maradhi na bili za matibabu, nayo ndoto ya uhandisi ikakomea hapo. Simlaumu, wala sidhani kuna Mkenya aliyewahi kulipiwa karo kwa kuuziwa ng'ombe atakayemlaumu. Nasema tu kwamba mchezaji wa chuo, aghalabu, haingii uwanjani akiwa peke yake. Nyuma yake kuna mama, kuna madeni, kuna wadogo zake. Tunapomtaka avumilie maumivu tusisahau kwamba tayari ana sababu nyingi za kuyaficha.

Nafasi yake ya kudumu ilipatikana mwaka 1925. Tarehe 1 Juni aliingizwa mara moja kupiga badala ya mwenzake, na siku iliyofuata akapewa besi ya kwanza, mahali palipokuwa pa Wally Pipp. Hapa ndipo panapoanzia hadithi inayosimuliwa kila kambi ya mazoezi. Husemwa kwamba Pipp aliamka akiumwa na kichwa, akaomba kupumzika siku moja, na hakuipata tena nafasi yake. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wanavyofundishwa vijana.

Waliochunguza kumbukumbu za msimu huo wanaeleza vingine. Yankees walikuwa wakishindwa vibaya, na mkufunzi wao, Miller Huggins, aliamua kuwapumzisha wachezaji kadhaa kwa mpigo, Pipp akiwa mmoja wao. Kichwa cha Pipp kiliumia kweli, lakini mwezi mmoja baadaye, alipogongwa na mpira mazoezini na kupelekwa hospitali. Aliyeurusha mpira huo alikuwa kijana aliyetoka chuo cha Princeton, Charlie Caldwell. Kwa hiyo hadithi ya kichwa kilichouma imepindwa, na imepindwa kwa faida ya wale wanaotaka mchezaji aogope kusema anaumwa. Nami niliimeza nzima nzima, nikaja kuitapika juu ya kijana asiye na hatia.

Kuanzia siku hiyo Gehrig hakukosa mechi hata moja kwa karibu miaka 14. Alicheza mechi 2,130 mfululizo. Katika kipindi hicho timu yake ilitwaa ubingwa wa Marekani mara 6. Mwaka 1931 aliwawezesha wenzake na yeye mwenyewe kupata zaidi ya pointi 180 kwa mapigo yake. Tarehe 3 Juni 1932, jijini Philadelphia, aliutoa mpira nje mara 4 katika mechi moja. Mwaka 1934 aliongoza ligi yake katika mambo matatu makuu ya upigaji kwa pamoja, jambo ambalo ni nadra mno. Alipostaafu alikuwa ameutoa mpira nje mara 493, na kiwango chake cha kufaulu kilikuwa mara 340 katika kila 1,000. Yote haya aliyafanya akiwa kivulini mwa Babe Ruth, mtu wa makeke na vicheko, ilhali yeye alikuwa mtulivu asiyependa makuu.

Je, hakuumia? Aliumia sana. Inasimuliwa kwamba picha za eksirei zilizopigwa mikono yake mwishoni mwa safari yake zilionyesha alama za mivunjiko 17 iliyokuwa imejiponea yenyewe, baadhi ikiwa haikuwahi kutajwa kwa mtu. Aliteguka vidole na kusumbuliwa na mgongo. Tarehe 29 Juni 1934, katika mechi ya kirafiki mjini Norfolk, mpira ulimgonga kichwani akazirai. Miaka hiyo wapigaji hawakuvaa kofia ngumu, na haikuwa imepita miaka 15 tangu Ray Chapman wa Cleveland afariki dunia mnamo Agosti 1920 kwa kugongwa vivyo hivyo. Kesho yake Gehrig alirudi uwanjani na kupiga mapigo matatu makubwa kabla ya mvua kuivunja mechi.

Zamani nilikuwa nikilisimulia tukio hilo kwa fahari. Siku hizi nikilifikiria huingiwa na baridi. Mtu aliyezirai kwa kugongwa kichwa alirudishwa mbele ya mrushaji kabla ya saa 24 kupita, na watu walishangilia. Kama angegongwa tena, hadithi ingekuwa nyingine kabisa, na sisi mashabiki tungedai tulimwonea huruma tangu mwanzo.

Kadhalika, msururu wenyewe haukuwa safi kama tunavyoupamba. Wiki mbili tu baada ya kisa cha Norfolk, mgongo ulimshika vibaya jijini Detroit hata akashindwa kumaliza mechi. Siku iliyofuata, tarehe 14 Julai, aliandikwa wa kwanza katika orodha ya wapigaji, akapiga mara moja, akafika besi ya kwanza, kisha akatolewa ili apumzike. Hesabu ikahifadhiwa. Silitaji hili kumvunjia heshima marehemu. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi nambari inavyoweza kumgeuza mchezaji kuwa mtumwa wake. Mgongo ulihitaji kitanda, lakini nambari ilihitaji kulishwa.

Mwaka 1938 nguvu zilianza kumtoka bila sababu inayoonekana. Bado alipiga vizuri kwa viwango vya watu wengine, lakini si kwa vyake. Majira ya mazoezi ya 1939 wenzake walimwona akijikwaa, akiuparamia mpira ambao zamani angeudaka akiwa amefumba macho. Katika mechi nane za mwanzo wa msimu alifaulu mara 4 tu kati ya 28. Mtu aliyeufanya mwili wake uwe kama mashine hakuelewa kwa nini mashine ilikuwa ikizimika. Kilichomchoma zaidi, inasimuliwa, ni pale wenzake walipompongeza kwa kudaka mpira wa kawaida kabisa. Alitambua kwamba walikuwa wameanza kumhurumia.

Mkufunzi wake, Joe McCarthy, alimheshimu mno kiasi cha kushindwa kumwondoa. Basi Gehrig alijiondoa mwenyewe. Tarehe 2 Mei 1939, jijini Detroit, alimwendea McCarthy na kumwambia asimpange, kwa manufaa ya timu. Kwa kuwa alikuwa nahodha, aliipeleka mwenyewe kwa waamuzi orodha ya wachezaji isiyokuwa na jina lake. Mashabiki wa Detroit, ambao hawakuwa wake, walisimama wakampigia makofi. Inasimuliwa kwamba Wally Pipp, aliyekuwa akiishi katika jimbo hilo, alikuwa jukwaani siku hiyo. Gehrig aliketi akiwa na machozi machoni, na Babe Dahlgren akachukua nafasi yake. Yankees walishinda kwa pointi 22 dhidi ya 2.

Msomaji, naomba uyashike matokeo hayo. Timu iliyodhaniwa haiwezi kuishi bila mtu mmoja ilipata mojawapo ya ushindi wake mkubwa siku ile ile alipoketi. Kijana anayeogopa kwamba akipumzika wiki mbili chuo chake kitaporomoka angefaa kuambiwa habari hii kabla ya kuambiwa ile ya mechi 2,130.

Mwezi uliofuata alikwenda katika zahanati mashuhuri ya Mayo, jimboni Minnesota. Tarehe 19 Juni 1939, siku aliyotimiza miaka 36, alielezwa kwamba ana ugonjwa unaoziua neva zinazoendesha misuli, ambao haukuwa na tiba wakati huo na hauna tiba hadi leo. Huko Marekani watu wengi huuita kwa jina lake. Tarehe 4 Julai zaidi ya watu 61,000 walijaa Yankee Stadium kumwaga. Alizungumza kwa muda mfupi, akawashukuru wote waliokuwa karibu naye, na badala ya kulalamika akajihesabu kuwa mtu aliyejaliwa. Nambari 4 aliyoivaa mgongoni ilistaafishwa, ikawa ya kwanza kuheshimiwa hivyo katika ligi kuu za besiboli.

Hakukaa nyumbani kusubiri kifo. Meya wa New York, Fiorello La Guardia, alimteua katika tume iliyoamua ni wafungwa gani waachiliwe mapema, na tangu Januari 1940 alikuwa akienda ofisini hadi mwili ulipokataa kabisa. Mkewe, Eleanor, aliyemwoa mwaka 1933, alimuuguza hadi mwisho. Hawakujaliwa mtoto. Alifariki tarehe 2 Juni 1941, akiwa na umri wa miaka 37, miaka 16 kamili tangu siku alipoichukua nafasi ya Pipp.

Kuna jambo ambalo lazima nilitenganishe kwa uangalifu. Sidai kwamba majeraha ndiyo yaliyomwua. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walizua mjadala walipoeleza kwamba mapigo ya kichwa yanayorudiwa huweza kuleta maradhi yanayofanana na hayo, na wengi wakamkumbuka Gehrig. Lakini mwili wake ulichomwa, na hakuna awezaye kuupima. Hoja yangu haihitaji uthibitisho huo. Hata kama kila jeraha lake lilipona bila kuacha athari, bado haifai kulifanya liwe kipimo cha uanaume kwa kijana wa miaka 20.

Rekodi yake ilivunjwa na Cal Ripken mnamo Septemba 1995. Huyo naye aliendelea hadi mechi 2,632, kisha jioni moja ya Septemba 1998, akiwa mzima wa afya, akaamua kuketi. Nililipenda hilo kuliko rekodi yenyewe.

Na hapa kwetu je? Mashindano ya shule na vyuo yanapowadia, iwe ni soka, raga au magongo, wapo wachezaji wanaodungwa sindano za kuua maumivu ili wamalize mechi, wapo wanaofunga goti kwa kitambaa na kusema ni mkwaruzo tu. Wengi wanaogopa kupoteza nafasi, na wengine wanaogopa kupoteza msaada wa karo. Kocha anayewaambia habari za mashujaa na awaambie habari zote. Mzazi na amwulize mwanawe alivyolala kabla ya kumwuliza alivyofunga. Nasi mashabiki, ambao hatulipi gharama yoyote ya goti la mtu, tujifunze kupiga makofi anapotoka kama walivyofanya watu wa Detroit.

Kijana wangu wa kiganja, popote alipo, sasa ni mtu mzima. Huenda hakumbuki sauti yangu miongoni mwa sauti nyingi za siku ile. Mimi naikumbuka. Nilimtajia jina la Lou Gehrig ili asiketi, ilhali Gehrig mwenyewe, siku ilipofika, aliketi.